Kesi ya Wavuvi wa Jumapili

Bi Saumu alizikwa Kasulu wiki mbili zilizopita, na matangani kila aliyesimama kumzungumzia aliitaja kesi ya mto. Diwani mmoja mstaafu alisema marehemu ndiye aliyewarudishia wananchi Malagarasi yao, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, sahani ya pilau mapajani, nikaendelea kula. Hawakusema uongo. Walisema kweli, ila waliisema nusu, ile nusu inayofaa kusemwa mbele ya wafiwa. Mwaka wa kesi hiyo nilikuwa karani wake. Nilichapa karibu kila alichoandika na nikasikia karibu kila alichosema, na tangu nirudi Kibondo kutoka msibani sijaweza kutuliza akili kazini. Leo mimi mwenyewe ni wakili, nina karani wangu na mvi zangu, na watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi hii. Huwatajia chuo. Ukweli ni kwamba nilijifunza katika mwaka mmoja, mwaka ambao kambi ya wakimbizi ya Nduta ilifunguliwa tena, ndani ya chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vitambaa.

Duka lilikuwa la kaka yake Bi Saumu, mjini Kasulu. Ili umfikie wakili ulipita kati ya majora ya vitenge na kanga, ukamsalimu kaka mtu aliyekuwa akikata kitambaa muda wote, ndipo ukainua pazia. Ndani kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofungika vizuri, kompyuta iliyozimika kila umeme ulipoyumba, na dirisha lililotazama ua ambako wifi yake alipika. Familia yao ilikuwa na asili ya Pangani, na wifi hakukubali kupika bila nazi hata pale nazi zilipokuwa adimu sokoni. Kwa hiyo mashauri ya mipaka ya mashamba, ya talaka na ya ng'ombe walioibiwa yote yalisikilizwa ndani ya harufu ya karafuu na tui. Wateja kutoka vijijini walimeza mate wakieleza shida zao. Saa za mchana tulikula sahani moja, mimi na Bi Saumu, na hapo ndipo alipokuwa akinifundisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kucheka, na alikula haraka kama mtu anayesubiriwa. "Mteja akikaa pale," aliniambia siku moja akionyesha kiti kwa kidole chenye mchuzi, "usimsikilize anavyosema anadai nini. Sikiliza kitu kinachomfanya asilale." Nilidhani amenipa ufunguo wa dunia.

Mwalimu Gervas aliingia asubuhi ya siku ya soko, amevaa koti la suti la kijivu juu ya shati la kazi, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge. Alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Kitanga, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti iliyozoea kurudia jambo bila kuchoka. Alifungua kitenge juu ya meza ya Bi Saumu. Ndani mlikuwa na ufito wa kuvulia samaki, mzuri, uliosuguliwa ukang'aa, ila nusu yake ya mbele ilikuwa mkaa. "Wameuchoma mbele yangu, wakili," alisema. "Na za wenzangu pia." Akaeleza. Kulikuwa na mahali mtoni palipoitwa Mabuye, yaani mawe kwa Kiha, kwa sababu ya mawe mapana yaliyoingia majini. Kila Jumapili baada ya misa, watu wachache walikwenda kuvua pale kwa ndoano: walimu, mganga wa zahanati, katekista, fundi cherehani. Hawakuwa na mitumbwi wala nyavu, na hawakuuza samaki. Walimtafuta zaidi kibebe, samaki mwenye meno ya msumeno anayeruka juu ya maji akivutwa, na mara nyingi walimrudisha majini wakiisha kumtazama. Wengine walirudi nyumbani mikono mitupu wakiwa na furaha, jambo ambalo wake zao hawakulielewa. Sasa kipande kile cha mto kilikuwa kimekodishwa kwa mwekezaji mwenye kambi ya watalii, na watalii wake walikuja kuvua kibebe yuleyule, kwa ndoano ileile, wakisimama kwenye mawe yaleyale. Bango liliwekwa. Jumapili iliyofuata walinzi wa mwekezaji waliwakuta wenyeji pale.

Bi Saumu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa vitabu vyake vya sheria na kuvipekua huku akinung'unika. Mchana wifi alipoleta chakula, Bi Saumu aliniambia alichokipata. Kulikuwa na kibali cha mvuvi anayevua kwa biashara. Kulikuwa na kibali cha mtalii. Mwalimu wa Kitanga anayetaka kukaa kando ya mto siku ya Jumapili hakuwemo mahali popote. "Sheria haijamkataza," alisema. "Haijui tu kwamba yupo." Nilimwona anavyong'aa macho. Nadhani alikuwa amechoka na mipaka ya mashamba, na hapa palikuwa na jambo jipya, jambo la kupeleka kwenye baraza la madiwani ili litungiwe sheria ndogo, lenye jina lake juu yake. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Wakili asiyetamani kesi nzuri huwa hana faida kwa mtu yeyote.

Kabla ya baraza tulikwenda kwanza kwa afisa mmoja wa wilaya aliyehusika na mambo hayo. Ofisi yake ilikuwa na joto na saa ya ukutani iliyosimama. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, akamgeukia Gervas kama mtu anayetaka kumsaidia.

"Mwalimu, unauza samaki?"

"Siuzi."

"Nyumbani kuna njaa?"

"Hapana, tunamshukuru Mungu."

"Sasa unavua nini?"

Gervas alifikiri. Alikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu hata swali dogo. "Nafundisha darasa lililojaa watoto mpaka mlangoni," alisema, "Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi nalima. Jumapili nataka kukaa mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu."

Afisa alicheka, na hakucheka kwa ubaya. "Hiyo ni raha, Mwalimu. Sisi tunashughulikia maisha ya wananchi. Raha zao wanazijua wenyewe."

"Na wale wageni mliowapa mto," Bi Saumu akauliza, "wao wanavua kwa njaa?"

"Wao wanalipia," afisa alisema, na akaacha kucheka. Soda zetu zilikuwa hazijaisha, lakini mazungumzo yalikuwa yameisha. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba jibu lile ndilo tulilopambana nalo mwaka mzima. Mtu wa Kitanga angeweza kutetewa akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, akiwa amedhulumiwa shamba. Akisema anataka kufurahi, kila mtu aliona haya kwa niaba yake. Hata mimi niliona haya, na hata katekista, ambaye alipoandikwa kama shahidi aliomba tuongeze kwamba alikuwa akiwapelekea wagonjwa samaki. Bi Saumu alimkatalia. "Ukisema hivyo watatupa ruhusa ya kuvulia wagonjwa tu," alimwambia.

Alitaka watu wengi zaidi nyuma yake, basi tukaenda Kibondo kumwona Mzee Swedi, mfanyabiashara ambaye alikuwa mvuvi wa ndoano tangu ujana wake na aliyejulikana mpaka Kasulu kwa ufito wake wa kisasa aliouagiza Dar es Salaam. Mji ulikuwa umejaa magari ya mashirika kwa sababu ya Nduta; vyumba vya wageni vilikuwa vimekwisha, na bei ya kila kitu ilikuwa imepanda. Mzee Swedi alitupokea kama ndugu. Alitukalisha kwenye zulia, mkewe akaleta wali, kuku na pilipili ya ndimu, na mzee akatusimulia namna kibebe anavyogonga ndoano, jinsi mkono unavyokufa ganzi mpaka begani. Gervas alimsikiliza akitabasamu kama kijana aliyepata mwenzake. Kisha mzee akaitwa nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa jepesi. Tulimsikia mkewe akisema kwa sauti ya chini, "Ile kambi ya watalii wananunua unga kwa nani? Mafuta wananunua kwa nani?" Kisha tena, "Nakuuliza, Baba Zuwena." Tuliendelea kula tukitazama sahani zetu. Aliporudi alizungumza juu ya mvua, na alipotusindikiza mpaka barabarani alimshika Gervas mkono kwa muda mrefu akasema tumwombee dua, afya yake si nzuri. Afya yake ilikuwa nzuri. Gervas alimshukuru kwa chakula. Garini Bi Saumu alitukana kimyakimya, na Gervas akamwambia, "Wakili, usimkasirikie. Ana watoto."

Njiani tulishuka kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa Papa Musafiri, Mkongomani aliyetengeneza chambo za bati kwa kukata vijiko vya chai. Alivisugua, akavitoboa, akavifunga manyoya mekundu ya kuku, na wavuvi wa Jumapili wote walinunua kwake. Bi Saumu alimwomba aje baraza litakapokutana, aeleze tu kwamba wenyeji wamekuwa wakinunua chambo zake miaka mingi. Papa Musafiri alivuta kofia yake. "Mama avocat, mie nitawatengenezea vijiko mpaka nizeeke," alisema. "Lakini jina yangu usitie mu dosiye, mu karatasi zenu. Mie niko réfugié, mkimbizi. Hata hii njia unanikuta hapa, si yangu; niko na ruhusa ya kukaa mu kambi tu." Alimpa Gervas kijiko kimoja bure, na Gervas akakifunga kwenye leso.

Basi siku ya baraza tulikuwa wachache. Bi Saumu alizungumza vizuri, nadhani hakuwahi kuzungumza vizuri zaidi maishani mwake. Lakini diwani mmoja alisimama akasema amepita Mabuye mwenyewe na hajaona mtu yeyote anayevua pale. "Hili jambo limeshajifia," alisema. "Tunatungia sheria kitu ambacho hakipo?" Watu wakaguna kwa kukubali, na hoja ikasogezwa hadi kikao kingine. Hawakuikataa. Wangeikataa, Bi Saumu angejua la kufanya.

Mchana huo ndio ninaoukumbuka kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule, ingawa hakukuwa na kelele wala machozi. Tulirudi ofisini. Wifi alituletea ugali wa muhogo na dagaa, na hakuna aliyegusa. Gervas alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani. Alisema wenzake wameacha, naye hawalaumu. Mahali pekee palipobaki nje ya mipaka ya mwekezaji ni kule chini kwenye mafunjo, na kule maji ni meusi, huoni kinachokuja. Pale Mabuye ulisimama juu ya jiwe, maji meupe mbele yako. Kwenye mafunjo unasimama ndani ya tope mpaka magotini, na mamba wapo. "Mke wangu hataki hata kusikia," alisema.

Bi Saumu alikuwa bado na hasira ya baraza. "Mamba wako mto mzima, Mwalimu. Kikao kijacho yule mtu atasimama tena aulize kama yupo anayevua. Nataka nimjibu kwamba yupo, na nimtaje kwa jina. Mkiacha wote, mimi sina kesi."

Gervas alifikiri, kama kawaida yake. Kutoka dukani tulisikia mkasi wa kaka mtu ukipita kwenye kitambaa. "Basi nitakwenda," alisema.

Mimi nilikuwa nachapa muhtasari wa baraza. Sikuinua kichwa. Lilikuwa shauri la kisheria, na lilikuwa sahihi. Hadi leo ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu hivyohivyo. Nimewahi kuwa na wateja walioniuliza waendelee kukaa kwenye nyumba wanayotishiwa, waendelee kulima shamba lenye mgogoro, na kila mara najua kitabu kinasema nini. Ninawaambia kitabu kinavyosema. Halafu nawauliza nani anaishi nao, na yeye anasemaje. Hilo sikulipata kitabuni.

Alikwenda. Kila Jumapili jioni alimtumia Bi Saumu ujumbe mfupi kwa simu: Leo nimevua. Wakati mwingine aliongeza jambo: perege wawili, nimewarudisha, au, mvua kubwa, sijapata. Bi Saumu alinisomea kwa sauti Jumatatu asubuhi, akicheka. Alikuwa amempenda, kama mtu anavyompenda mteja ambaye hajamdanganya. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, mto umejaa, na kikao kilikuwa kinakaribia. Kisha ikaja Jumatatu ambayo hakuwa na ujumbe wa kunisomea. Alisema labda mtandao. Kabla ya chai, mtendaji wa kijiji akapiga simu. Bi Saumu alisema "Ndiyo," akasema tena "Ndiyo," akauliza, "Wameona nini?" Kisha alisikiliza kwa muda mrefu, akaweka simu mezani, akaniambia nishushe pazia, ingawa lilikuwa limeshuka.

Ndoano ilikuwa imenasa kwenye mafunjo, naye aliingia kuinasua. Waliokuwa wakichota maji ng'ambo walimwona mamba. Walitafuta siku nzima na siku iliyofuata, kwa mitumbwi ya watu wa upande wa chini wa mto na kwa boti ya mwekezaji pia, niseme ukweli. Tulimzika Kitanga kwenye mvua. Jeneza lilikuwa la urefu wake, na wanafunzi wake wakubwa walilibeba haraka kupita kiasi, kwa sababu lilikuwa jepesi, na kila aliyelibeba alijua kwa nini. Padri alihubiri kwa ufupi. Mjane wake, Mama Anjela, hakulia mbele ya watu. Alisimama akiwa ameshikilia mabega ya binti yake mdogo kana kwamba mtoto ndiye atakayeanguka.

Kikao kilipofika, hoja ilipita. Yule diwani aliyesema hakuna anayevua ndiye aliyeomba baraza lisimame kwa heshima ya marehemu, na alisema maneno mazuri. Ikaamuliwa kwamba wakazi wanaruhusiwa kuvua kwa ndoano Mabuye siku za Jumapili bila kibali, na mwekezaji asiwaguse. Watu walipiga makofi. Kijana wa redio alimfuata Bi Saumu mpaka nje akimwomba aseme neno juu ya ushindi wake. Alimwambia hana sauti, na kweli hakuwa nayo. Iliyotoka ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Hakurudi ofisini. Aliniambia tupande gari, twende Kitanga.

Tulimkuta Mama Anjela jikoni, kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Alikuwa akipika maharage kwa mawese, na moshi ulikuwa mwingi. Alitusalimu kwa Kiha, akatutolea vigoda, akasema amesikia kwenye redio kwamba mto umefunguliwa. Bi Saumu alikaa akiwa bado na gauni lake la kwendea barazani, magoti yakikaribia chungu.

"Mama Anjela, nimekuja kukwambia jambo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende kule kwenye mafunjo. Alikuwa ameshaacha."

"Najua."

"Alikuambia?"

"Hakuwa ananificha." Alikoroga, akaonja, akaongeza chumvi. "Mimi nilimwambia asiende. Nilimwambia, nikamwambia tena. Akakusikiliza wewe."

Nilikuwa nimemwona Bi Saumu akijibu mahakimu, maafisa, madiwani, wanaume wenye hasira na silaha. Nilisubiri.

"Miaka yote alikuwa anakwenda mtoni kwa raha yake," Mama Anjela alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa akimweleza tu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mimi nilikuwa namcheka. Mtu mzima anakwenda kushika samaki anamwachia. Lakini akitoka hapa alikuwa anapiga mluzi, unamsikia mpaka kule kwenye migomba. Jumapili zile za mwisho hakupiga. Alikuwa anakwenda kwa kesi."

Akaepua chungu. Akaleta maji, tukanawa. Alipakua ugali, akamwekea Bi Saumu maharage mengi kuliko yetu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni mkubwa, akasema, "Kula, kitapoa." Bi Saumu, ambaye siku zote alikula haraka, alikata tonge dogo, akalitafuna muda mrefu, akakata jingine. Mama Anjela alikaa akimtazama mpaka sahani ilipokwisha, kisha akamwongezea.